Masisi na Walikale: tele iko, sinyale iko wapi?

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kuwa na tele nyumbani si tena jambo la ajabu. Tele ndogo za volti 12 zinapatikana sokoni, pano za jua zinabebwa kwa pikipiki hadi mahali gari haifiki, na dekodere inauzwa kando ya mahali pa kununua unite za simu. Lakini kati ya kununua na kuona picha safi kuna njia ndefu. Iwe Mweso, Nyabiondo, Mubi ao Pinga, maneno ni yale yale: tele iko, dekodere iko, sinyale haiko.

Wa kwanza kulaumiwa ni fundi, wa pili ni mlima. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa. Kuna makosa ambayo mwenye nyumba anaweza kuyasahihisha kwa jioni moja. Kuna mengine ambayo hata akinunua antena tatu hayatatoka, sababu hayako juu ya paa yake. Kuyatenganisha kunaokoa makuta, tena kunaonyesha nani anapaswa kujibu swali gani.

Minara ilibaki mjini

Televisheni ya taifa, ile inayoitwa leo RTNC, ilianza kurusha Kinshasa mwaka 1966. Tangu wakati ule namna ya kuifikisha kwa watu ilikuwa moja: mnara unasimamishwa katika mji mkubwa, na nyumba zilizo karibu zinashika. Shida ni kwamba mawimbi ya tele yanayotoka kwenye mnara yanasafiri karibu sawa na mwanga wa tochi. Mahali mnara hauonekani, picha nayo inachoka ao haifiki kabisa.

Goma imelala kando ya ziwa Kivu, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ukitoka Sake na kupanda Mushaki, unaingia katika milima inayozidi mita 2,000. Kila bonde lililo nyuma ya mlima ni kivuli. Walikale njo mbali zaidi: ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, kidogo tu inapungukia nchi ya Rwanda kwa ukubwa, na sehemu yake kubwa ni msitu. Kuifunika kwa minara kungehitaji minara mingi, na kila mnara unataka umeme, mlinzi na barabara ya kupeleka mafuta. Hesabu hiyo haijawahi kufanywa hadi mwisho.

Kisha dijitali ikaja. Mwaka 2006, Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kuachana na tele ya analoji, na tarehe ya mwisho ikawekwa 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analoji Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilizima yake mwaka 2015. Kongo haikufikia tarehe ile. TNT, yaani tele ya dijitali inayorushwa kutoka minara, ilianza polepole, Kinshasa ikitangulia.

Kwa mkaaji wa Masisi, TNT haikugusa kiini cha shida. TNT nayo ni mnara. Kutoka analoji kuingia dijitali kunaruhusu shene nyingi kupita ndani ya wimbi moja, lakini hakutoboi mlima. Tena kuna tofauti moja ambayo iliwachanganya wengi. Analoji ikidhoofika ilionyesha mchanga kwenye kioo, lakini mtu aliendelea kusikia sauti na kuona vivuli vya wachezaji. Dijitali haina nusu. Ikiwa juu ya kipimo, picha ni safi kabisa. Ikishuka chini kidogo, inakatika vipande vya miraba, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo sababu dekodere nyingi zinaitwa mbovu wakati ziko nzima.

Setilaiti haiogopi mlima

Kwa hiyo nyumba nyingi za Masisi na Walikale zinashika tele kupitia antena ya parabole. Na hapa kuna habari nzuri ambayo haisemwi sana: kwa setilaiti, milima ya Masisi karibu haina kosa.

Setilaiti za tele zimekaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, zikizunguka pamoja na dunia, hivyo zinaonekana kama zimesimama mahali pamoja. Masisi na Walikale ziko karibu sana na ikweta. Maana yake, mstari wa setilaiti unapita karibu juu ya kichwa, kutoka mashariki hadi magharibi. Chukua mfano wa setilaiti iliyo kwenye nyuzi 16 za mashariki. Mtu aliye Kinshasa anaitazama karibu juu kabisa. Aliye Masisi anaitazama upande wa magharibi, lakini bado juu sana, kwenye nyuzi karibu 75 kutoka usawa wa ardhi. Hakuna mlima wa Masisi unaofika huko ukitazamwa kutoka uwanja wa nyumba.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, pembe za Kinshasa si pembe za Masisi. Fundi aliyejifunza kazi mbali, akaja na vipimo vyake kichwani, atazungusha antena mchana kutwa. Pia kila kampuni ina setilaiti yake: anayeacha kampuni moja na kuingia nyingine hawezi kubadilisha dekodere peke yake, lazima antena nayo ielekezwe upya. La pili, kinachoziba sinyale si mlima wa mbali. Ni mti wa karibu. Majani ya mgomba, mkaratusi uliokua miaka miwili, tawi la msitu lililoinama juu ya paa: hayo, hasa yakilowa mvua, yanakunywa sinyale. Kwa Walikale, si lazima kukata msitu mzima. Kwa sababu setilaiti iko juu, nafasi ndogo iliyo wazi kati ya matawi, upande unaofaa, inatosha.

Makosa ya juu ya paa

Kosa linalorudi zaidi ni nguzo. Katika Masisi nyumba nyingi ni za mbao, na antena inapigiliwa misumari kwenye ukuta. Upepo wa mlimani ukivuma, ukuta unatikisika na antena inatikisika nao. Parabole ya sentimita 60 inaona sehemu nyembamba sana ya mbingu. Ukingo wake ukisogea karibu sentimita 1 tu, nusu ya nguvu ya sinyale inaweza kupotea. Nguzo ya chuma iliyosimama wima, ikafukiwa katika zege mbali kidogo na ukuta, inafanya kazi kuliko antena ghali iliyofungwa kwenye ubao.

Kosa la pili ni waya. Maji yakiingia kwenye fishi, pale waya unapofungwa kwenye kichwa cha antena, sinyale inakufa kidogo kidogo, na mwenye nyumba anadhani ni kampuni. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki kikifungwa vizuri pale kinazuia maji kwa muda mrefu. Waya uliounganishwa katikati kwa kukazwa na mkono na kufunikwa gundi ya karatasi ni chanzo kingine cha shida.

Kosa la tatu lina alama yake: shene nusu zinaonekana, nusu hazionekani, wakati abonoma imelipwa. Kichwa cha antena hakina umeme wake. Kinalishwa na dekodere kupitia waya ule ule, kwa volti 13 kwa kundi moja la shene na volti 18 kwa kundi lingine. Umeme ukiwa mdogo ao waya ukiwa mbovu, kundi moja linapotea. Hapo kuzungusha antena ni kuharibu kilichokuwa kizuri.

Halafu kuna mvua. Mawimbi ya setilaiti za tele za nyumbani ni mafupi sana, na matone makubwa yanayameza. Picha ikikatika wakati wa mvua kali na kurudi ikitulia, antena haina kosa. Dawa pekee ni sahani kubwa zaidi: parabole ya sentimita 90 inakusanya zaidi ya mara mbili ya ile ya 60. Kwa Walikale, ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima, tofauti ya bei ya sahani hizo mbili mara nyingi inarudi haraka kwa kuepuka kumwita fundi kila juma.

Jua nalo lina zamu yake. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, kwa siku kadhaa, jua linapita nyuma ya setilaiti, na sinyale inapotea dakika chache mchana. Kwa setilaiti ya mfano ule wa nyuzi 16, inatokea Masisi karibu saa saba. Inarudi yenyewe. Anayelipa fundi siku hizo analipia jua.

Radi si mchezo

Jambo moja katika kazi hii linaua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 1998 hadi 2013, uliweka ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa la kwanza duniani kwa radi. Mahali pa pili palikuwa Kabare, Kivu ya Kusini, kwa zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pa tatu palikuwa Kampene, Maniema. Walikale imepakana na majimbo hayo yote mawili.

Nguzo ya chuma iliyosimama juu kuliko paa, katika nchi ya radi namna hiyo, inahitaji waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ndani ya udongo. Wengi hawaufungi kwa sababu picha inaonekana hata bila huo. Wingu likianza kunguruma, waya wa antena utolewe kwenye dekodere mapema, si wakati radi iko juu ya nyumba. Na hakuna mechi inayostahili mtu kupanda kwenye paa ya mabati kushika chuma wakati wa dhoruba.

Umeme na makuta

Mtu anaweza kufanya hayo yote vizuri na bado akakaa gizani. Sehemu kubwa ya teritware hizi mbili haina waya wa umeme wa SNEL. Watu wanategemea jua, na gurupe kwa wenye uwezo wa mafuta.

Hesabu ya jua si ngumu. Tele ndogo pamoja na dekodere vinakula wati karibu 30. Saa tatu za kutazama ni karibu wati 100 kwa saa. Pano ya wati 50, siku ya jua zuri, inaleta mara mbili ya hiyo. Lakini siku ya mawingu inaleta kidogo sana, na batri ile ile inachaji simu za jirani na kuwasha taa. Batri ikianza kushuka, dekodere mara nyingi inasumbuka kabla tele haijazima: inajizima na kuwaka, ao inaandika kwamba hakuna sinyale. Kabla ya kugusa antena, batri ipimwe kwanza.

Abonoma ni mlango mwingine. Shene nyingi zinazotafutwa zinafunguliwa kwa malipo ya kila mwezi, na kampuni zenyewe zinapungua: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilimaliza kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv. Kwa mteja wa kijijini, wanunuzi wachache wa haki za mipira maana yake ni nafasi ndogo ya kubishana bei. Ndiyo maana sale za video, ambako mtu analipa kidogo ili kutazama mechi moja, hazijafa. Kwa wengi tele ya nyumbani inawaka wakati kuna makuta, ikizima wanarudi kwenye sale.

Vita vilivunja hesabu zote

Kisha kuna vita. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Aprili 2024. Masisi-centre ilifuata tarehe 4 Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi ule ule, na Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025, kabla waasi kutoka huko mwanzoni mwa Aprili. Banki za Goma zilifunga milango. Barabara zilizoleta dekodere, batri na mafuta zikawa za mashaka. Anayekimbia anabeba watoto, godoro na sufuria. Kama nguvu inabaki anabeba dekodere, lakini parabole na nguzo vinabaki. Februari 2025, makambi ya kando ya Goma yalipovunjwa, wengi walirudi Masisi. Kwa aliyerudi na kukuta nyumba bila mabati, antena iko mwisho wa orodha, nyuma ya paa, mbegu na chakula.

Lakini ni wakati huo huo ndipo habari inahitajiwa zaidi. Tarehe 27 Juni 2025, Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano Washington. Tarehe 19 Julai, serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walitia sahihi tangazo la kanuni Doha. Makaratasi hayo yanagusa usalama wa watu wa Masisi na Walikale. Aliye na picha aliona mikono ikishikana. Asiye nayo alisikia kwa uvumi, na uvumi katika nchi ya vita unaweza kumfanya mtu arudi kijijini mapema mno ao akimbie bila sababu.

Picha safi, habari za nani?

Hata sinyale ikiwa nzuri kabisa, swali moja linabaki: ndani yake mna nini? Katika dekodere ya Masisi mnaweza kuwa na shene nyingi za sinema, mipira na tamthilia. Habari zinakuja zaidi kwa Kifaransa na Lingala. Kihunde, Kinyanga, Kikumu ao Kinyarwanda cha wakaaji, hata Kiswahili cha huku, ni vya kutafuta kwa taa. Matokeo yake ni ya ajabu: mtu wa Kitchanga anaweza kujua jeraha la mchezaji wa Ulaya, asijue kama barabara ya kwenda sokoni imefunguliwa.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa sawa bunduki. Walisema juu ya watu wanaokufa Mashariki ya Kongo huku dunia inanyamaza. Juma lile lile, mapigano yalikuwa yamekaribia Sake, na watu wa Masisi walikuwa njiani na mizigo. Ishara ilifanywa kwa ajili yao, na dunia iliiona. Wengi wao hawakuwa na pahali pa kuitazama.

Pia kuna anayeshika bomba la habari. Januari 2025 serikali iliwanyang'anya waandishi wa Al Jazeera ruhusa ya kufanya kazi Kongo, baada ya shene hiyo kumhoji kiongozi wa M23. Katika sehemu zilizo chini ya AFC/M23, waandishi wengi walikimbia ao wakachunga maneno. Antena nzuri haimwokoi mtazamaji na hilo. Inachoweza kumpa ni njia zaidi ya moja ya kulinganisha.

Nani afanye nini

Basi mzigo ugawanywe inavyostahili. Mwenye nyumba ana nguzo, waya, mti wa karibu, batri na waya wa radi. Hayo ni yake, na mengi hayagharimu sana. Fundi ana deni la kupima kwanza kabla ya kuzungusha, na kusema wazi wakati kosa ni mvua, jua ao abonoma.

Serikali ina deni lake. Kusubiri minara ya TNT ipande kila mlima wa Masisi na kupenya kila bonde la Walikale ni kusubiri miaka. Njia fupi ipo: shene za taifa na za jimbo kupatikana kwa setilaiti wazi, bila abonoma, pamoja na muda wa habari kwa lugha za wakaaji. Mwenye parabole tayari angehitaji kuelekezwa tu. Hilo halitaki barabara wala mnara. Linataka uamuzi, na malipo ya nafasi kwenye setilaiti.

Hadi siku hiyo, redio ndogo ya betri inaendelea kufanya kazi ambayo tele haijaweza. FM nayo inasumbuliwa na milima, ila inavumilia kivuli kuliko tele. Mawimbi mafupi yanaruka juu na kuanguka ng'ambo ya milima. Na betri mbili zinatosha kwa siku nyingi. Lakini redio isiwe kisingizio cha kuwanyima watu picha. Mwenye kulipia pano, dekodere na nguzo kwa jasho la shamba la viazi ao shimo la madini amekwisha kutoa sehemu yake. Sehemu iliyobaki haiko juu ya paa yake.